Kabla ya Nukta, Soma Herufi

$GPRMC,,V,,,,,,,,,,N*53

Ukiiwasha moduli ya GPS ndani ya nyumba ya bati, huo ndio mstari utakaouona kwenye skrini, na sekunde inayofuata utauona tena, na tena. Koma, koma, herufi V, koma tena. Vijana wanaokuja kujifunza kwangu wakiuona hudhani waya umelegea au wameuziwa kitu kibovu, wanaanza kuchomoa na kuchomeka upya. Hakuna kilicholegea. Kifaa ni kizima, kinazungumza, na kinachosema ni kwamba hakijui kilipo. Kila nafasi tupu kati ya koma na koma inasubiri jibu ambalo halijapatikana: hapa ingekaa saa, hapa latitudo, hapa longitudo, hapa mwendo wa chombo, hapa tarehe. V ni onyo kwamba taarifa hii haifai kutumika. Ikigeuka A, unaweza kuanza kuisoma.

Nimekaa na vifaa hivi kwa miaka kadhaa sasa, kwenye kibanda changu cha kutengeneza redio na simu pale Chikongola, Mtwara mjini, na kwenye vyombo vya wavuvi huko Msimbati. Mtu akiniuliza nimepata nini humo, humwambia aiheshimu ile V kuliko anavyoiheshimu nukta ya kwenye ramani. Nukta ikishachorwa huaminika. Haionyeshi ilipatikana kwa satelaiti ngapi, wala ni ya saa ngapi, wala kama kifaa kilichoitoa kilikuwa kinaiona mbingu. Moduli yenyewe inayasema yote hayo, kila sekunde, bila kuulizwa. Sisi tunaoiunganisha ndio tunaoyakata na kuyatupa ili skrini ipendeze.

Kuunganisha si kazi ya kumtoa mtu jasho. Moduli niliyoanza nayo, na ambayo hadi leo naitumia kufundishia, ni NEO-6M, iliyobuniwa na kampuni ya u-blox ya Uswisi na kuigwa na wengi. Niliagiza Kariakoo, ikaja kwa basi ndani ya boksi la viatu pamoja na spika za mteja mwingine. Ina miguu minne: VCC ya umeme, GND ya hasi, TX ya kusemea na RX ya kusikilizia. Mikrokontrola inayoisoma, kwangu Arduino Uno, nayo ina TX na RX zake. Anayesema lazima akutane na anayesikiliza, kwa hiyo TX ya moduli huenda kwenye RX ya mikrokontrola. Ukiunganisha TX kwa TX, wote wawili watasema na hakuna atakayesikia. Uno ina njia moja tu ya asili ya mazungumzo ya aina hii, pini 0 na 1, na njia hiyo tayari inatumiwa na kompyuta. Ndiyo maana moduli huchaguliwa pini nyingine, mara nyingi 4 na 3, na programu ndiyo inayozifanya zisikilize. Kasi ni baudi 9600. Ukikosea kasi utaona takataka tupu, alama za kuulizia na vimraba, na hapo ni kasi ya kurekebisha, waya uache ulivyo.

Kuna jambo moja ambalo mafundi wengi hulipuuza. Uno inasema kwa volti 5, na sikio la moduli limetengenezwa kwa volti 3.3. Itavumilia leo na kesho, halafu siku moja ikuzimikie uko katikati ya bahari. Dawa ni rezista mbili za kugawanya volti, au, ninavyofanya mimi, kuuacha kabisa ule waya wa kwenda kwenye RX ya moduli. Moduli haingoji swali. Ikipata umeme tu huanza kutoa mistari yake kwa mafungu: RMC, VTG, GGA, GSA, GSV, GLL. Kwa kusikiliza tu, nyaya tatu zinatosha.

Kazi yenyewe iko kwenye antena. Ni kile kigae cha mraba cha seramiki, na uso wake lazima utazame juu. Chini ya bati, V haibadiliki hata ukisubiri mpaka adhana ya magharibi. Chini ya makuti makavu, taa ndogo ya moduli huanza kupepesa bila shida, ishara kwamba imepata jibu. Makuti yakilowa, inasuasua. Chini ya mwembe wenye majani mazito inashika na kuachia. Ndani ya mikoko ya mdomo wa Ruvuma, matawi yakiwa yamefunga juu ya kichwa, inategemea umeelekea wapi.

Sababu ni kwamba sauti inayotafutwa ni dhaifu mno. Satelaiti za GPS zinazunguka kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi juu yetu, na kila moja inaeleza njia yake kwa mwendo wa biti 50 kwa sekunde, mwendo ambao picha moja ya simu ingechukua siku kadhaa kufika. Maelezo ya msingi ya satelaiti moja huchukua nusu dakika. Yakikatizwa katikati, labda kwa sababu umeinama juu ya kifaa kuangalia kama taa inapepesa, unasubiri yarudiwe. Ratiba ya satelaiti zote kwa pamoja inachukua dakika 12 na nusu. Kwa hiyo kijana anayewasha, akasubiri kidogo, akazima, akawasha, anajirudisha mwanzo kila mara. Mimi huwaambia waweke kifaa uwanjani waende wakanunue vitumbua.

Halafu kuna suala la satelaiti ya nne, ambalo huwa linanifurahisha kila nikilifundisha. Umbali kutoka satelaiti tatu ungetosha kumweka mtu mahali pake. Lakini umbali huo hupimwa kwa muda, na mawimbi ya redio hukata mita 300 katika kila sehemu moja ya milioni ya sekunde. Satelaiti zina saa za atomiki. Moduli ina saa ya bei poa, na inajua hivyo. Basi inaichukua hitilafu ya saa yake yenyewe kuwa ni namba mojawapo isiyojulikana, inaomba satelaiti ya nne, na kutafuta majibu yote kwa pamoja: niko wapi, na saa yangu imepotoka kiasi gani. Wangapi wetu huweka upungufu wao ndani ya hesabu kabla ya kutoa jibu?

Kazi ya kwanza ya maana iliyonifikisha baharini ilitoka kwa mjomba wangu, ndugu wa mama yangu, nahodha wa Msimbati. Kwetu mjomba akiagiza, mpwa hatoi udhuru. Alikuja kibandani akiwa na begi la korosho, akaketi kwenye stuli ya wateja.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nasikia unatengeneza kitu kinachojua mahali."

"Kinajua, mjomba, kama kinaiona mbingu."

"Na usiku wenye wingu?"

"Wingu halikisumbui. Kinachokisumbua ni bati na mti."

"Basi usiku kinanizidi. Mchana tutaona."

Shida yake ilikuwa madema, mitego yake ya samaki. Anayatega kwenye miamba ya nje ya ghuba, na zamani alikuwa akiyafunga boya ili ayaone akirudi. Boya ni tangazo: anayepita usiku analiona, anavuta kamba, anachukua samaki, na akiwa hana haya anachukua na dema lenyewe. Kwa hiyo alikuwa ameacha kuweka boya na kutegemea alama za nchi kavu. Mvinje mmoja mrefu upande wa Ruvula ukae sawasawa juu ya paa lililo nyuma yake; huo ni mstari wa kwanza. Kisha asogee, bila kuuachia mstari huo, mpaka ncha ya kisiwa ianze kujitenga na mikoko. Huo ni wa pili. Mistari inapokatana ndipo dema lilipo. Nilikwenda naye siku moja ya maji mafu, bahari imelala, nikiwa na Uno, moduli, betri ya kuchajia simu na kopo la plastiki lenye kifuniko. Alipiga alama zake, akatazama chini kwa miwani ya maji, dema lilikuwa karibu chini ya ubavu wa mashua. Sikuwa bado nimeona hata satelaiti ya tano.

Kilichonishika siku ile, kuliko ule usahihi wake, ni maneno aliyoyasema njiani. Upande wa bara watu walikuwa wakichoma mashamba, moshi umetanda pwani. Alisimama kwenye tezi, akaangalia mvinje, akasema, "Leo naona mti, lakini paa silioni vizuri. Tukikosa, tutazunguka." Hakusema dema liko hapa. Alitoa mahali, kisha akatoa na kiasi cha mashaka yake, na mashaka hayo yalikuwa na sababu inayojulikana. Nikatazama skrini yangu. Nayo ilikuwa ikitoa kitu hicho hicho kwa lugha yake: namba ya satelaiti zilizotumika, na baada yake namba iitwayo HDOP, inayoeleza satelaiti hizo zimekaaje angani. Zikitawanyika pande zote za mbingu, namba inakaribia moja na mambo ni mazuri. Zikisongamana upande mmoja, kwa sababu upande wa pili kuna tanga lililolowa au watu wamesimama, inapanda hadi tano, kumi, na nukta inaanza kutangatanga. Mvinje na paa vikiwa karibu mno, au vikiwa upande mmoja na alama ya pili, mjomba naye hupata shida ileile.

Bahari inatoa pia kipimo ambacho fundi wa bara hana. Mstari wa GGA unataja na kimo kutoka usawa wa bahari. Ukiwa juu ya mashua, kimo chako unakijua: maji ya bamvua hapa kwetu hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu, basi. Nikakaa kuangalia. Mita 9. Mita 4. Mita 2 chini ya maji, na mimi nimekaa kwenye ubao na miguu mikavu. Mita 12. Kwa maumbile ya hesabu yenyewe, kimo hukosewa zaidi kuliko mahali, kwa sababu satelaiti zote ziko juu yako na hakuna hata moja chini ya miguu. Lakini kumwona mtu anapewa kina cha mita 2 naye anakula muhogo wa kuchoma ndani ya mashua, hilo ni darasa tosha. Karatasi ya mtengenezaji inasema usahihi wa mahali ni mita 2.5. Isomwe vizuri: maana yake ni kwamba, mbingu ikiwa wazi, nusu ya vipimo huangukia ndani ya duara la nusu kipenyo hicho. Nusu ya pili iko nje. Kwa dema inatosha. Inakufikisha kwenye urefu wa mashua, macho yanamalizia.

Jioni mambo hubadilika kidogo. Tabaka la juu la hewa lenye chembe za umeme, ambalo mawimbi hupita ndani yake, huchafuka katika nchi za tropiki baada ya jua kuzama, zaidi katika miezi ya Machi na Aprili, Septemba na Oktoba, na zaidi katika miaka ambayo jua lenyewe lina madoa mengi kama ilivyokuwa 2024. Asubuhi, umande ukivuma, nukta za kifaa kilichowekwa juu ya meza uani kwangu hukaa pamoja. Kati ya saa moja na saa nne usiku hutawanyika. Mteja aliyeniletea kifaa cha pikipiki akilalamika kwamba kinaonyesha bodaboda inatembea yenyewe usiku nilimrudishia kikiwa kizima. Sikumtoza.

Sasa namba zenyewe. Asubuhi moja Msimbati, GGA ilinipa hivi: saa 041530, mahali 1020.40512,S,04026.10377,E. Kijana mmoja wa chuo, mwepesi wa kompyuta kuliko mimi, alizichukua, akatupa sifuri ya mbele, akaweka nukta baada ya tarakimu mbili za mwanzo, akapata 10.2040512 kusini na 40.2610377 mashariki, akaziingiza kwenye ramani ya simu. Chombo kikaonekana zaidi ya kilomita 20 kaskazini-magharibi, upande wa Msangamkuu. Alitaka kuilaumu moduli. Lakini 1020.40512 ni nyuzi 10 na dakika 20.40512, na dakika hugawanywa kwa 60: jibu ni nyuzi 10.340085. Hali kadhalika 04026.10377 ni nyuzi 40.435063. Aliporekebisha hilo, chombo kikahamia Ethiopia, jimbo la Afar, jangwani, kwa kuwa safari hii alikuwa ameitupa ile herufi S iliyokaa kimya baada ya namba. Kusini huandikwa kwa alama ya kutoa. Sisi tulio chini ya ikweta ndio tunaoadhibiwa na mifano iliyoandikwa na watu wa kaskazini, ambao kwao kuisahau herufi hiyo hakuna madhara yoyote.

Kwa nini watu waweke mtego wa namna hii? Si mtego, ni urithi. Utaratibu huu wa mistari, NMEA 0183, ulianza 1983 kwa ajili ya vyombo vya baharini, na mabaharia wana sababu ya kuipenda dakika: dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, mita 1,852. Nahodha mwenye ramani ya karatasi na bikari anapima umbali pembeni mwa ramani bila hesabu nyingine. Ndiyo maana hata mwendo kwenye RMC hutolewa kwa maili za baharini kwa saa. Tunaoleta kilomita na desimali ndio wageni humo ndani.

Mwalimu mmoja mstaafu aliniletea ramani ya zamani ya serikali, iliyochapwa kwenye karatasi kubwa, akitaka kulinganisha mpaka wa shamba lake la minazi na kifaa changu. Havikukubaliana, vilipishana kama mita mia mbili. Vyote viwili vilikuwa sahihi. Ramani zile zilichorwa kwa msingi uitwao Arc 1960, na GPS inatumia WGS 84. Kila mmoja umelichukulia umbo la dunia kwa namna yake. Shamba halikusogea.

Mipaka, kwa kweli, ndiyo inayoyafanya haya yawe mazito huku kwetu. Mdomo wa Ruvuma uko kwenye nyuzi 10 na dakika 28 hivi kusini. Ng'ambo ni Msumbiji, na ng'ambo ni mashangazi na mashemeji, Wamakonde kwa Wamakonde. Wajerumani na Wareno walipogombana kuhusu pwani hii, walimaliza ugomvi 1894 kwa kuchora mstari wa latitudo ya nyuzi 10 na dakika 40, na pembetatu ya Kionga, kusini mwa mto, ikawa ya Wajerumani. Wareno waliichukua 1916 wakati wa vita, na mkataba wa Versailles wa 1919 ukawathibitishia. Mpaka ukarudi mtoni. Watu waliokuwa wakivua hapo hawakuulizwa mara ya kwanza wala ya pili. Kwenye kifaa changu nchi ile yote iliyohamishwa ni tofauti ya 1028 na 1040. Mpaka wa baharini nao ulipata mkataba wake kati ya Tanzania na Msumbiji 1988. Na pwani yote kuanzia Msimbati hadi mdomo wa mto imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa 2000, yenye kanuni zake za nani avue wapi na kwa zana gani. Juu ya hayo, tangu Oktoba 2017, mapigano yalipoanza Mocímboa da Praia katika Cabo Delgado, chombo kuonekana upande usiofaa wa mdomo wa mto si jambo la mzaha tena.

Ndipo yakamkuta nahodha mmoja, rafiki wa mjomba. Chombo chake kilikuwa kimefungwa kifaa cha kufuatilia, ambacho hakikutoka kibandani kwangu. Asubuhi moja akaitwa kwenye ofisi ambayo sitaitaja. Ramani yao ilionyesha kwamba mashua ilifika mdomoni mwa Ruvuma jioni, ikakaa pale pale bila kusogea hata hatua mpaka alfajiri, kisha kwa kufumba na kufumbua ikawa Ghuba ya Mnazi. Swali likawa moja: ulikuwa unamsubiri nani? Alisema alipita tu, akaenda kuvua kaskazini, samaki wameuzwa na walionunua wapo. Leseni ikabaki mezani kwao.

Mjomba akanituma. Niliomba kukiona kifaa, na bahati nzuri aliyekitengeneza alikuwa amekipa kadi ya kumbukumbu inayohifadhi mistari ghafi kama inavyotoka kwenye moduli. Tuliisoma pamoja na ofisa, mstari kwa mstari, kwenye laptopu yenye kioo kilichopasuka. Saa 1542, yaani saa kumi na mbili na dakika arobaini na mbili jioni kwetu, satelaiti tisa. Dakika chache baadaye tano. Kisha tatu. Kisha sifuri, na A ikageuka V. Saa iliendelea kutembea kwenye mistari, kwa kuwa saa ya ndani ya moduli haisimami, lakini nafasi za latitudo na longitudo zilikuwa tupu usiku kucha. Koma, koma. Nikamuuliza nahodha walifanya nini saa ile. Akafikiri. Walipakia barafu, akasema. Wavuvi wengi huweka barafu ndani ya friza bovu lililotolewa mashine, na friza hilo, la bati, walikuwa wamelisogeza likakaa juu ya kisanduku cha kifaa.

Basi kwa nini ramani ilionyesha nukta? Hapo ndipo nilipochukua muda mrefu kumweleza ofisa, maana ndilo jambo ambalo hata wanaoandika programu hawalijui wote. Wengi wetu tunasoma mistari hii kwa kutumia maktaba iitwayo TinyGPS++, ya Mikal Hart, kazi nzuri kabisa. Inachambua mistari na kukupa latitudo na longitudo zilizo tayari. Lakini ikipata mahali inapakumbuka. Ukiiuliza kama ina mahali halali, itajibu ndiyo, hata kama mahali penyewe pamepatikana jana, kwa sababu iliwahi kupata. Ipo njia ya pili ya kuiuliza, inayokwambia umri wa jibu hilo, na mwandishi wa programu ya kifaa kile hakuitumia. Kwa hiyo kifaa kilikuwa kikituma nukta ileile ya saa kumi na mbili jioni kila baada ya muda, na mashine ya ofisini, kila ilipoipokea, iliipiga muhuri wa saa ya kupokea. Nukta iliyokufa ikawa inafika ikiwa na tarehe mpya.

"Kwa hiyo, fundi, unasema hakuwa mdomoni?"

"Hapana, mkuu. Nasema kifaa hakijui alikuwa wapi."

"Na wewe hujui."

"Nami sijui. Waulizwe walionunua samaki."

Aliniangalia kama mtu aliyeletewa chai bila sukari. Nadhani alitarajia nimtetee nahodha moja kwa moja, na nahodha mwenyewe, aliyekuwa amekaa pembeni, alitarajia hivyo zaidi. Lakini mistari ile haikuwa na nguvu ya kumsafisha kama ambavyo haikuwa na nguvu ya kumtia hatiani. Ilikuwa tupu. Wanunuzi waliulizwa, wakasema walichokiona, leseni ikarudishwa. Nahodha alinishukuru kwa nusu mdomo. Bado anaona ningeweza kusema zaidi.

Tangu siku ile, kifaa chochote kinachotoka kwangu kina kadi ya kuhifadhi mistari ghafi, pamoja na ile namba ya kukagulia iliyo mwishoni baada ya nyota, ili tarakimu ikiharibika ionekane. Naona mabasi ya Dar es Salaam yakifuatiliwa mwendo na LATRA, naona bodaboda za mikopo zikizimwa kwa mbali, na swali ninalojiuliza ni kama kuna mahali mistari ghafi inatunzwa, au kinachobaki ni nukta peke yake. Dereva au mvuvi anayeshitakiwa kwa nukta ana haki ya kuuliza umri wake.

Kifaa cha mjomba kimekuwa cha namna yake. Skrini ni ndogo, na jua la mchana linaimeza, kwa hiyo nilimuuliza anataka kipi kiandikwe kwa herufi kubwa. Nilidhani atasema umbali wa kufika kwenye dema. Akataka kwanza NAJUA au SIJUI. Inaandika NAJUA pale tu herufi ikiwa A, satelaiti zikiwa sita au zaidi, HDOP ikiwa chini ya mbili, na jibu likiwa halijazidi sekunde mbili tangu lipatikane. Moja likikosekana inaandika SIJUI, na mshale wa kuelekea kwenye dema unafutika. Kijana wa chuo aliona ni ukali uliopitiliza, kwamba nukta ya satelaiti tano nayo inasaidia. Labda. Mjomba anasema ikiandika SIJUI yeye ana mvinje wake, hana haja ya kubahatisha na mashine.

Alichokikataa kabisa ni saa. Satelaiti hutoa saa ya dunia, na programu zote za Afrika Mashariki huongeza tatu kupata ile ya kwenye simu. Mjomba akaona 07:15 asubuhi, akaniambia niirudishe kwenye saa za watu. Hesabu yake ikawa nyepesi kuliko nilivyodhani: badala ya kuongeza tatu, unatoa tatu. Saa 0415 ya satelaiti ni saa moja na robo asubuhi. Saa 2000, ukitoa tatu na kisha kumi na mbili, ni saa tano usiku. Ubaoni kwangu ni mstari mmoja wa programu, na wa pili wa kuigeuza sifuri iwe kumi na mbili, maana hakuna baharia anayerudi pwani saa sifuri.